Twiga Aliyepiga Marufuku Laptop ya Baba

KUMB. NA. KUV/MPK/17/2004. KWA WASAFIRI WOTE WAENDAO TANZANIA. Mnaarifiwa kwamba, kuanzia tarehe mosi Agosti, ni marufuku kwa msafiri yeyote, wa cheo chochote, kuingia nchini na kompyuta mpakato bila kibali cha maandishi kilichogongwa muhuri wa ofisi hii. Atakayekaidi atanyang'anywa chombo husika na kurudishiwa siku ya kuondoka, kikiwa kimepanguswa vumbi. Mnaombwa kutii bila kuulizauliza. Wenu katika ujenzi wa taifa, MKURUGENZI.

Mkurugenzi alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano. Alikuwa amekaa kitandani huko Kenton, London, soksi mguu mmoja, akitafuna chevda ya dengu na karanga kutoka mfukoni mwake na kupangusa vidole kwenye shuka. Jina lake Amisha. Lile neno la kupangusa vumbi alilifikiria kwa muda mrefu, mwisho akaliacha libaki, kwa sababu serikali yenye huruma kidogo huaminika zaidi.

Ikumbukwe pia, kwa faida ya historia, kwamba tangazo hilo liliandikwa kwenye laptop ileile lililokuwa likiipiga marufuku. Chombo hakikulalamika.

Kazi ilikuwa muhuri. Shule ya bweni aliyosoma, huko mashambani ambako kondoo ni wengi kuliko watu, ilimfundisha Kilatini kidogo na kuchonga viazi sana. Mwalimu wa sanaa alipenda wachonge picha kwenye kiazi, wakipake rangi, wagonge kwenye karatasi. Wenzake walichonga maua. Amisha aliona mbali zaidi. Sasa alichukua kiazi kikubwa kwenye kikapu cha mama yake, akakata ncha yake kama kifuniko, akachonga duara, na ndani ya duara akamweka twiga mwenye macho makubwa ya mviringo. Akakichovya kwenye wino wa buluu wa baba yake, akagonga. Twiga alitoka kama mtu aliyeshtuliwa usingizini, lakini alikuwa twiga wa serikali, hakuna ambaye angebisha. Kisha akakirudishia kiazi kifuniko chake, akakibana kwa njiti ya kuchokolea meno, akakizika chini kabisa ya kikapu. Mtu hatupi vifaa vya ofisi.

Mgogoro wenyewe ulikuwa umeanza asubuhi ya Jumanne, juu ya chai.

"Naichukua tu," alisema baba yake. "Siifungui."

"Kama huifungui unaichukulia nini?" aliuliza mama yake. "Nayo inataka kuona bahari?"

Baba yake, Gurmit, alikuwa Kalasinga wa Arusha. Mama yake, Bhanu, Mgujarati wa Tanga. Walikutana London, mmoja na Kipunjabi chake, mwingine na Kigujarati chake, wakachumbiana kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho walichokuwa nacho wote wawili, na nyumba ikabaki hivyo. Amisha alikuwa akiwajibu kwa Kiingereza, mpaka alipogundua bwenini kwamba Kiswahili kinafaa sana kumsema matroni usoni pake bila madhara. Tangu hapo alikizungumza kama jaji mstaafu.

"Bhanu, watu wanakwama kwenye lifti," alisema Gurmit. Alikuwa na kampuni ndogo ya kutengeneza lifti, majengo arobaini, na mafundi wanne.

"Mtu akikwama London utamtoa wewe ukiwa Tanga?"

"Nitamwandikia Telesphor amtoe."

"Telesphor anaijua kazi kuliko wewe. Ana simu, ana masikio mawili. Dada Lata hajakuona miaka kumi. Nataka auone uso wako, si kilemba kilichoinamia kioo."

"Wiki mbili ni nyingi."

"Ni wiki mbili tu! Muulize mtoto. Huyu hapa, mtulivu, hasumbui mtu. Amekuomba nini huyu mwaka mzima?"

Amisha aliinamisha macho kwa unyenyekevu. Kwenye mlango wa friji, chini ya sumaku yenye umbo la nanasi, ilikuwapo barua ya mwezi Machi kutoka shuleni, ikimsifu kwa utulivu, unyofu na kuwa kielelezo kwa wadogo zake. Bhanu aliipenda barua ile mno. Alitoa nakala akampelekea dada yake Lata, naye Lata akaitia kwenye fremu na kuitundika sebuleni Tanga. Kilichomkera Bhanu ni muhuri wake tu, kwa sababu ulikuwa na bundi. "Shule gani yenye akili zake ikachagua bundi?" alikuwa akijiuliza kila anapofuata maziwa.

Gurmit alisema angeamua kesho yake. Mkoba wa laptop, mweusi na mzito kama tofali, ukabaki umesimama ukumbini kando ya masanduku, haujaingia wala haujaachwa.

Amisha aliutazama mkoba ule na kukumbuka likizo ya mwaka uliopita, Ureno. Mkoba ulisafiri nao kwa ahadi hiyohiyo ya kutofunguliwa. Jioni ya kwanza ulifunguliwa dakika tano. Kuanzia hapo baba yake aliishi nyuma ya kioo, na jioni zote yeye na mama yake walicheza lasti kadi kwenye baraza la hoteli wakiwa wawili. Naye alikuwa mtu wa kukaa bweni. Baba yake alimpata kwa likizo tu. Akafanya hesabu, akaona kwamba raia wa kawaida hana tena la kufanya. Ndipo Mkurugenzi alipoingia kazini.

Jumatano mchana tangazo lilijikuta ndani ya bahasha ya tiketi iliyotoka kwa wakala. Gurmit aliifungua akiwa amejilaza kwenye kochi. Barua za benki na za halmashauri alizisoma hivyohivyo, chali, huku akizibishia. Lakini alipoona "Kumb. Na." na muhuri wa mviringo, aliketi. Halafu akasimama. Alirudi kuwa mtoto wa miaka minane mbele ya kaunta fulani ya Arusha, amemshika baba yake mkono, mahali ambapo karatasi isiyo na muhuri haikuwa karatasi bali kitu cha kufungia karanga. Akanyoosha kilemba chake. Akasoma mara mbili.

"Hii ni rasmi," alisema.

"Lete nione." Bhanu alivaa miwani. "Wanapangusa na vumbi! Nchi imeendelea."

"Pole, Baba," alisema Amisha kwa sauti ya msibani. "Lakini sheria ni sheria."

Gurmit alilikunja tangazo mara nne, akalitia kwenye mfuko wa shati. Akatazama dirishani.

"Basi mimi nabaki," alisema.

"Unabaki wapi?" aliuliza Bhanu.

"Hapa. Siwezi kukaa wiki mbili bila kujua kinachoendelea. Nendeni nyinyi wawili, mfurahi. Ijumaa asubuhi nitampigia wakala afute tiketi yangu."

Bhanu hakubishana, na hilo ndilo lililomtia Amisha hofu. Alikwenda ukumbini, akafungua sanduku, akaanza kutoa mashati ya mumewe moja baada ya jingine, akiyakunja upya ingawa yalikuwa yamekunjwa tayari.

Safari ilikuwa Jumapili. Laptop ilipigwa marufuku, na laptop ikashinda.

Alhamisi jioni akaja Anko Kanti, mwenye duka karibu na stesheni ya Rayners Lane, rafiki wa Gurmit tangu alipofika London. Kwa watu wa Kenton na jirani zake, mtu anayekwenda nyumbani si msafiri, ni posta. Habari za tiketi zikivuja tu, kengele ya mlango haipumziki: dawa ya goti ya shangazi, viatu vya harusi ya mpwa, kitu kidogo tu, hakina uzito. Anko Kanti alikuja na kitu kidogo tu kilichokuwa blenda nzima ndani ya boksi lake.

"Nimesikia fundi haendi," alisema mlangoni. "Pole sana. Kilo zake anazichukua nani?"

"Kanti, mtu bado yuko hai!" alisema Bhanu.

"Ndiyo maana nawahi. Akishakufa ndugu watakuwa wengi."

"Asiposafiri, kilo zake hazipo. Shirika la ndege halijui ndoa."

"Basi naiacha hapa, mkibadili mawazo." Akaiweka blenda ukumbini kando ya mkoba wa laptop, akanusa hewa ya jikoni, akavua koti. "Mnapika nini?"

Amisha alikuwa juu ngazini. Mtu wa kawaida angeshuka akakiri. Lakini Amisha alikuwa na ofisi ya kuendesha, na ofisi ikikosea hutoa marekebisho. Akaandika: MAREKEBISHO YA TANGAZO NA. 17. Kutokana na maombi mengi ya wananchi, marufuku imeondolewa kwa mafundi wa lifti. Akalichapa. Kilichobaki ni muhuri.

Alipofika jikoni kikapu kilikuwa kitupu. Juu ya jiko sufuria kubwa ilikuwa ikitokota.

"Mama, viazi?"

"Nimechemsha vyote. Vya katlesi za njiani, na vingine tule sasa na chatini. Lete bakuli."

"Na maganda yake?"

"Vikiiva ndiyo tutavimenya. Wewe leo umekuwa mkaguzi?"

Dakika kumi baadaye walikuwa wanne mezani, viazi vikifuka moshi katikati, kila mtu akimenya vya kwake na kuvitia kwenye bakuli la katlesi, akila kimoja kimoja. Amisha alijikaza kisabuni. Alimenya haraka, akipuliza vidole, akichagua vikubwavikubwa.

"Mtoto ana bidii huyu," alisema Anko Kanti. "Ndiyo faida ya bweni. Wa kwangu hata yai hamenyi."

"Barua yake umeiona lakini?" alisema Bhanu. "Iko kwenye friji."

"Nimeisoma mara nne, dada. Kila nikija unanisomesha."

Amisha alinyoosha mkono kwenye kiazi kikubwa kuliko vyote. Mkono wa baba yake ulifika mbele. Gurmit alikibonyeza kwa kidole gumba ili apasue ganda, na ncha ya kiazi ikadondoka yenyewe kwenye sahani. Njiti ikafuata. Pale palipokatwa, akiwa amevimba kidogo kwa kuchemshwa na bado wa buluu, twiga alimtazama Gurmit kwa mshangao.

"Fundi," alisema Anko Kanti polepole, "kiazi chako kina mnyama."

Gurmit alikiweka kiazi mezani. Akatoa tangazo mfukoni, akalikunjua mara nne, akaliweka kando ya kiazi, akatazama huku, akatazama kule. Hakupaza sauti. Alinyoosha kilemba.

"Mheshimiwa Mkurugenzi," alisema, bila kumtazama mtu, "una maelezo?"

"Inawezekana," alianza Amisha, "kwamba ofisi husika, kutokana na uhaba wa mipira ya kutengenezea mihuri..."

"Amisha," alisema mama yake.

Basi. Sauti ya jaji mstaafu ikamkimbia.

"Ni mimi," alisema. "Nililiandika mimi. Lakini nilitaka laptop yenyewe iachwe, Baba, sikutaka uachwe wewe. Kule Ureno tulikuwa tunagawa karata za watu watatu. Mama alikuwa anakuchezea zako, kwenye kiti chako. Ulishinda mara mbili na hukujua."

Gurmit alimtazama mkewe. Bhanu alikuwa akiokota ganda moja moja kutoka mezani.

"Kweli?"

"Ya pili ulinifunga kwa saba ya kopa," alisema Bhanu. "Nilikasirika nikakurudisha ndani ya pakiti."

Gurmit alinyanyuka, akatoka. Walisikia akitembea ukumbini, akasimama, akatembea tena. Aliporudi alikuwa na mkoba wa laptop, na aliuweka mbele ya Anko Kanti, kati ya chatini na chumvi.

"Hizi kilo nne," alisema. "Kaa nazo dukani mpaka nirudi. Blenda yako inaingia mahali pake. Telesphor ana simu."

"Ana masikio mawili pia," alisema Bhanu, na sauti yake ilikuwa nyepesi kuliko wiki nzima.

"Na mimi nikiifungua?" aliuliza Anko Kanti.

"Ukikuta lifti imekwama, itoe." Gurmit akaketi. Alimtazama binti yake kwa muda, uso wa polisi, masharubu yakimcheza. "Na wewe. Jioni ya kwanza Tanga, mimi ndiye nagawa karata. Sasa mle."

"Nimle nani, Baba?"

"Twiga."

Amisha alinyoosha mkono kwa utiifu, lakini mama yake alikuwa ameshakichukua kiazi. Alikiinua karibu na taa, akavaa miwani, akakigeuza upande huu na upande ule.

"Lakini macho ya mnyama huyu," alisema Bhanu, "mbona nimewahi kuyaona? Mviringo hivi. Kama ameshtuliwa."

Akaanza kugeuza shingo, taratibu, kuelekea friji.

Amisha alifikiria Tanga, na sebule ya Mama Mkubwa Lata, na ile fremu ukutani. Alifikiria kutoa marekebisho. Kisha akaweka mikono yote miwili mezani, vidole vikiwa bado vyekundu kwa moto wa viazi.

"Mama, kabla hujafika," alisema. "Bundi pia ni wangu."