Chai ya Rangi kwenye Mbao za Nikolausi

Gari si la mkwe wangu Gidion. Ni la kaka yake Nikolausi wa Katesh, na alimwambia wazi: likirudi na mkwaruzo mmoja kwenye mbao, hutaligusa tena. Mbao zenyewe ziko mbele, kwenye dashibodi, zinang'aa hadi unajiona meno. Na sisi gari tulilihitaji. Binti yangu Agatha, mke wa Gidion, alikuwa amefikisha siku zake za kujifungua, na kutoka hapa Endasak mpaka hospitali ya Haydom si safari ya pikipiki kwa tumbo lile.

Jumanne Gidion akanipeleka Haydom kupima macho. Nikabeba jogoo wa kumpa dada yangu Paskalina.

"Mama, tumweke nyuma," akasema Gidion.

"Nyuma atapata kizunguzungu."

Mkwe hawezi kubishana na mama mkwe, basi nikampakata. Tuta la kwanza tu, jogoo akaruka, akatua kwenye mbao, akajishikilia kwa kucha zote.

"Hamna shida, mama," akasema Gidion. Lakini kila tulipopanda kilima alisimamisha gari, akaziangalia zile mbao, akapumua, akaondoka tena.

Nikolausi angefuata gari lake Ijumaa. Ijumaa asubuhi nikamwita Tluway, seremala wa Nangwa. Akasugua kwa msasa laini, taratibu, mpaka mikwaruzo ikaisha. Lakini pale aliposugua pakabaki peupe.

"Mama," akasema, "niletee chai ya rangi. Majani mengi, iwe nyeusi kabisa."

Nikaona huyu fundi ana adabu, hata maziwa hataki. Nikachemsha, nikatia sukari vijiko vinne. Akapokea kikombe, akachovya kitambaa, akaanza kupaka mbao. Kila fundi na namna yake.

Rangi ikakubali vizuri. Akapaka vanishi juu, tukangoja ikauke. Haikukauka. Nzi wakaja. Tluway akakitazama kikombe, akaonja.

"Mama, umetia sukari?"

"Sasa fundi nimpe chai chungu?"

"Si ya kunywa! Ni ya kupaka!"

"Ungesema."

Hapohapo Nikolausi akashuka kwenye bodaboda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Za Katesh?"

"Nzuri. Nimefuata ga..."

"Watoto?"

"Wazima, mama."

"Na ng'ombe? Yule mwekundu aliyekuwa anachechemea?"

"Amepona. Mama, gari..."

"Mahindi yameshika?"

Tluway alikuwa ndani ya gari anapepea mbao kwa kofia, na Gidion anafukuza nzi. Mimi niliuliza mpaka habari za jirani wa shemeji yake. Mwisho maswali yakaniishia.

Nikolausi akafungua mlango. Akaona mng'ao, akapenda, akabonyeza kwa kidole. Kidole kikanata. Alipokivuta kikatoa mlio, na alama yake ikabaki pale. Wote tukaitazama.

"Jogoo ni wangu," nikasema. "Sukari ni yangu. Kidole ni chako. Gidion hana kosa hata moja."

Nikamweleza yote. Akauma midomo, akajaribu kukasirika, ikamshinda. Akacheka mpaka akashika mlango.

"Tluway, kuitoa sukari hii kutachukua muda gani?"

"Kuosha, kukausha, kusugua upya... Jumapili."

"Basi libaki hapa. Siwezi kuonekana Katesh na gari lenye nzi."

Jumamosi saa nne asubuhi uchungu ukamshika Agatha, na gari liko uani. Tukamweka mbele, mimi nyuma, Gidion akaendesha. Kwenye shimo la kwanza Agatha akanyoosha mkono kutafuta pa kushika.

"Agatha, usishike hapo!" Gidion akapiga kelele. Tangu amwoe nilikuwa sijawahi kumsikia akipaza sauti.

Agatha akamjibu neno ambalo siwezi kuliandika, kisha akashika, kwa mikono yote miwili, mpaka Haydom. Mtoto ni wa kike.