Jiwe la Kichwani mwa Lukeba

Eda ilipokwisha, Mariyamu alijitanda kanga, akabeba chupa ya maji, akaenda makaburini kumwona mumewe, Lukeba. Siku ya maziko hakufika. Kwao kuzika ni kazi ya wanaume. Alichoweza ni kumkabidhi shemeji yake jiwe la kuweka kichwani: jeusi, laini, lenye mistari ya kupendeza. Alilichagua mwenyewe uani, kwenye rundo la mawe ambayo Lukeba, fundi wa misingi ya nyumba, aliyatupa pembeni. Jiwe zuri vile, Mariyamu aliona limeonewa tu.

Miezi minne na siku kumi alikaa ndani, mvua ikipiga bati, akijiliwaza kwamba jiwe lake liko na Lukeba. Hawakujaliwa watoto. Shemeji alisharudi Nyanza-Lac, na simu yake haipatikani.

Sasa alizunguka mara mbili. Jiwe jeusi halikuwepo.

"Makaburi ya ule mwezi iko saba, mama," alisema Hyacinthe, mlinzi wa pale. "Alama zote mvua ilizipeleka. Chagua moja uombee. Mungu anajua."

"Mungu anajua," Mariyamu alijibu. "Na mimi?"

Akakaa chini. Kufiwa alianza kukuzoea. Kumpoteza mtu aliyekwisha kuzikwa, hapana.

Ndipo akakumbuka maneno ya Lukeba kuhusu lile rundo, maneno aliyoyasikiliza kwa sikio moja huku akipepeta mchele: "Hii ni matope, bibi. Ililala chini ya maji, tabaka juu ya tabaka, ikakazana mpaka ikafanana na jiwe. Mwagia maji, utasikia inanuka udongo. Mvua ikiipiga, itaachana kama makaratasi."

Akapiga magoti, akafukua kwa vidole kichwani mwa kaburi la kwanza. Changarawe. La pili, la tatu, la nne, changarawe tupu. Kwenye la tano vidole vikagusa vipande vyembamba, vyeusi, vyenye mistari, vikimeguka vyenyewe. Akavimwagia maji, akanusa. Udongo mtupu.

"Haya, umeshinda," alimwambia Lukeba. "Lilikuwa tope."

Akacheka, kisha kwa mazoea akanyamaza, kumpisha mumewe amtanie. Alingoja kitambo kizima. Hyacinthe alipita na ufagio wake, akaenda zake. Hapo ndipo Mariyamu alipolia, kilio ambacho miezi minne yote hakikumtoka.