Laptop Isiyohema

Idman alikuwa katika siku arobaini za uzazi, na kwetu mzazi hatoki nje kabla hazijaisha. Kwa hiyo mimi, mdogo wake, ndiye niliyekwenda sokoni Garissa kumnunulia laptop.

"Uliza prosesa, abaayo, dada yangu," aliniambia huku akinyonyesha. "Ndiyo ubongo wake. Iwe nyepesi, lakini prosesa iwe na nguvu. Ukishindwa, mpe mwenye duka simu niongee naye."

Kampuni moja ya Nairobi ilitafuta watu wa kusikiliza sauti za Kisomali na kuziandika. Mtihani ulikuwa Jumatano saa nane mchana, wa saa nzima, na haurudiwi. Idman akifaulu angefanya kazi nyumbani, mtoto akiwa mapajani. Asipofaulu, eeddo Fosia, dada ya baba, alikuwa ameshapata wakala wa kumpeleka Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Miaka miwili, na mtoto haendi. Mumewe Idman alifariki mimba ikiwa ya miezi mitano. Hakukuwa na mtu mwingine wa kuwalisha.

Salah, mwenye duka, aliweka laptop mbili mezani. Bei ilikuwa moja. Moja ilikuwa nyembamba kama sahani. Nyingine ilikuwa nene kidogo.

"Chukua hii nene," alisema. "Prosesa yake ina nguvu. Hiyo nyembamba ni ya kusoma barua na kutazama video tu."

Akaifungulia ile nene mambo mengi kwa pamoja ili nione. Baada ya muda ikaanza kupumua. Hewa ya moto ilitoka ubavuni kwa sauti.

Niliacha shule darasa la tano nikachunga mbuzi. Mbuzi anayehema akiwa amesimama kivulini hanunuliwi. Ana ugonjwa wa mapafu, na ukimpeleka nyumbani ataua zizi zima. Tena muuzaji anayekusukumia mnyama mmoja kwa nguvu, ujue kuna jambo analificha.

"Mbona inahema?" niliuliza.

"Wallahi, abaayo, umekuja kununua laptop au mbuzi?" Salah alicheka. "Hiyo ni feni."

Mzee mmoja aliyekuwa akingoja simu yake itengenezwe naye akadakia. "Mfungue mdomo umhesabu meno!"

Duka zima likacheka. Nilivuta mtandio hadi puani. Simu ilikuwa mkononi mwangu. Lakini nikimpigia Idman, Salah angemweleza kisa chote, nami nimesimama pale, nao wangecheka tena.

"Nataka hii iliyonyamaza."

"Hiyo haina feni. Na joto letu hili, abaayo..."

"Hiyo hiyo."

Nyumbani Idman aliipima kwa mkono mmoja akatabasamu. "Ulimuuliza prosesa?"

"Nilimuuliza. Amesema hii ndiyo yenye nguvu."

Siku mbili alifanya mazoezi alfajiri, kukiwa na ubaridi. Ilifanya kazi vizuri.

Jumatano mchana mabati yalikuwa yanalia kwa joto. Nilimbeba mtoto, Idman akavaa visikilizio akaanza. Dakika ishirini zilikwenda. Kisha vidole vyake vikasimama.

"Sauti inavutika," alisema. "Ninaandika, herufi hazitokei."

Nilishika chini ya laptop nikaondoa mkono haraka. Nilimlaza mtoto mkekani nikaipepea kwa kawa. Idman aliendelea kubonyeza, midomo yake ikimwomba Mungu. Kioo kikawa cheusi. Ilipokubali kuwaka tena, kulikuwa na sentensi moja tu: muda wako umekwisha.

Alimpigia Salah kwa namba ya kwenye risiti, akasikiliza, akamshukuru, akakata.

"Kwa nini hukunipigia?"

"Walinicheka."

"Walikucheka," alisema, kama mtu anayesoma barua ya mwenzake.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Wiki ya tatu baada ya hapo, eeddo Fosia alileta pasipoti na jina la familia ya huko Uarabuni. Idman alinifundisha kuchemsha maziwa, kuyapooza, kumnywesha mtoto kwa kijiko asipaliwe. Mtoto aliyatema, akalia, akageuza kichwa kutafuta harufu ya mama yake. Niliinuka kumrudisha.

"Kaa," alisema Idman. Akaenda chumba cha pili akafunga mlango, ili mtoto azoee mikono yangu.