Mgeni wa Idrisi

Mwanatatu alianza kwa kusahau majina, zikafuatia nyuso, mwisho akapoteza hata siku za juma. Alimwita binti yake, Asmaa, kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekwisha kuzikwa, na adhuhuri moja akaswali, akakunja mswala, kisha akautandika tena na kuswali upya. Lakini akishaingia jikoni, ungeapa kwamba mama huyu hana ugonjwa wowote.

Jiko lenyewe lilikuwa banda la mabati nyuma ya nyumba yao pale mtaa wa Dallas, mjini Embu. Masizi yalikuwa yameganda ukutani mpaka yakang'aa. Humo Mwanatatu hakuuliza kitu. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye kopo la chumvi, ukarudi kwenye sufuria, ukasogeza kuni kwenye mafiga. Alikanda unga na kusukuma chapati huku akiimba kichinichini. Idrisi, mumewe, aliyekuwa na bucha sokoni mpaka magoti yakamkataa, alipenda kuketi kwenye kizingiti akimtazama. "Bado yupo," alikuwa akijiambia. "Almradi anapika, bado yupo."

Kisha Mwanatatu akaanguka bafuni. Bafu lao lilikuwa la uani, sakafu ya simiti iliyolika na kuota utelezi. Alivunjika mkono, akalala pale akilia mpaka Idrisi aliporudi kutoka msikitini na kumkuta. Juma hilohilo, mkono ukiwa kwenye plasta, ncha ya leso yake ikashika moto jikoni. Idrisi aliuzima kwa viganja vyake.

Asmaa alishuka kutoka Nchiru, kule Meru, anakofanya kazi katika ofisi ya chuo. Aliiona mikono ya baba yake imebabuka, akaketi bila kuvua koti.

"Baba, hii nyumba itamuua mama."

"Itamuua vipi na ndiyo nyumba yake?"

"Tuvunje hizo vitu za nyuma. Tuweke jiko ya gesi ndani, na bafu ya maana, yenye vyuma vya kushikilia. Mama nitakaa naye mimi mpaka kazi iishe."

"Na pale anapopikia?"

"Si umeona juzi kidogo aungue?"

Idrisi alitazama viganja vyake. Alikuwa na jambo la kusema, ila kila alipolitafutia maneno aliuona ule moto ukipanda kwenye leso. Akanyamaza, na kunyamaza kwake kukachukuliwa kuwa ni kukubali.

Fundi aliyekuja aliitwa Njoka, mtu wa Kibugu, mchangamfu na mwenye haraka. Alianza na lile banda. Mabati yalipotolewa, jua likaingia mahali ambapo halijawahi kuingia, na kila kitu kikaonekana kidogo na kichafu. Idrisi aliona aibu, kana kwamba mkewe amevuliwa nguo mbele za watu.

"Mzee, na haya mawe matatu ya moto?" Njoka aliuliza.

Idrisi aliyatazama mafiga. "Yafanyie unavyoona."

Njoka akayapasua kwa nyundo, akayamwaga pamoja na kokoto chini ya sakafu ya bafu jipya.

Kazi ilipokwisha, ilikuwa kazi safi, hakuna wa kubisha. Jiko lilikuwa na vigae vyeupe, sinki na makabati ya mbao. Bafuni maji ya moto yalitoka ukutani, sakafu haikuteleza, na vyuma viliwekwa pale hasa mkono unapotafuta pa kushika. Majirani walikuja kutazama. Idrisi aliwapitisha humo, na kwa mara ya kwanza tangu nyundo ya kwanza alihisi huenda binti yake aliona mbali kuliko yeye.

Asmaa akamrudisha mama yake. Mwanatatu alivua viatu mlangoni, akavipanga vizuri, akasimama.

"Hodi," akasema.

"Karibu nyumbani, Mama Asmaa," Idrisi akamjibu.

Aliingia, akaketi kwenye ncha ya kiti. Baada ya muda akainuka, akapita hadi jikoni, na Idrisi akamfuata. Mwanatatu alinyoosha mkono upande wa kushoto, lilipokuwa likikaa kopo la chumvi. Mkono ukagonga kigae. Akaunyoosha tena, ukagonga tena. Akaupitisha ukutani polepole, mbele na nyuma, kama mtu anayetafuta mlango gizani, kisha akauficha ndani ya leso.

"Wenyewe wako wapi?" akauliza. "Si vizuri kuingia jikoni mwa watu."

Asmaa alitoka nje kulia. Kesho yake akarudi kazini, macho yamevimba.

Idrisi hakukata tamaa upesi. Alimtuma mtu amletee mawe kutoka Mto Rupingazi, akayapanga uani, akawasha kuni mwenyewe, akiyakumbuka mafiga yale na kujilaumu. Akamweka Mwanatatu kwenye kibao, akamtilia unga kwenye karai. Mwanatatu aliutazama ule unga. Moshi ukamjia usoni, akakohoa, akajifunika pua.

"Kanda, Mama Asmaa. Kanda kidogo tu."

"Mimi mgeni, bwana," alisema kwa adabu. "Sijui nyinyi huku mnakanda vipi."

Idrisi akakanda mwenyewe. Chapati zilitoka ngumu, na Mwanatatu akazila zote na kumshukuru.

Asmaa alipiga simu. "Baba, angalau bafu inamsaidia?"

"Inamsaidia. Haanguki tena."

Na ilikuwa kweli. Kila asubuhi Idrisi alimwingiza humo, akamfungulia maji ya moto, naye Mwanatatu akakishika chuma kwa mikono miwili na kusimama imara. Mwanzoni aliona haya kuogeshwa na mwanamume asiyemjua. Idrisi akajifunza kugeuza uso, na kumsemesha taratibu, kama asemavyo mtu na mke wa mwenziwe.

Asubuhi moja ya baridi, ukungu umeifunika Embu yote, Mwanatatu alisema ghafla, "Mna nyumba nzuri. Mungu awazidishie."

"Amina."

"Ila mume wangu akija kunichukua, msimsimamishe nje. Magoti yanamsumbua."

"Ni mtu wa namna gani, huyo mumeo?" Idrisi akauliza.

Mwanatatu alifikiri, maji yakimtiririka mgongoni.

"Hasemi sana," akasema. "Hata akiwa na neno, hulimeza. Lakini atakuja."

Idrisi akafunga maji. Akachukua taulo, akapiga magoti kwa shida kwenye sakafu ile mpya, akaanza kumkausha miguu.