Akidi ya Fufu

Katika jumba letu la Adehye, hapa Accra, watu hawasalimiani. Nasema bila kumung'unya maneno, kwa sababu mimi, Araba Quansah, ndiye mwenyekiti wa kamati ya wakazi, na tangu nihamie hapa nimekuwa nikisalimia migongo. Mtu anaingia kwenye lifti, anakodolea macho simu, lifti inafika, anatoka. Ukiniuliza majina ya majirani zangu, nitakutajia magari yao.

Na bado tuna ua mzuri ajabu katikati ya jumba. Una nyasi, mabenchi mawili ya saruji na mwarobaini wenye kivuli cha maana. Nyumba yangu niliinunua kwa ajili ya ua ule. Mume wangu alipofariki nilijiambia, Araba, hutakaa peke yako, utakaa uani na watu. Watu hawakuja, lakini mimi sikuacha kuteremka na kiti changu kila jioni.

Basi kampuni inayosimamia jumba ikatangaza kwamba ua utamwagwa lami uwe maegesho. Wakazi tulikuwa na haki ya kukataa, ila kwa mkutano wenye akidi. Jumba lina nyumba thelathini, na nusu yake zilitakiwa ziwe na mtu pale kabla ya saa sita mchana. Zikipungua kumi na tano, kampuni inafanya itakavyo. Niliandika kwenye kundi letu la WhatsApp, nikabisha milango, nikabandika tangazo ndani ya lifti. Wakaniitikia kwa picha za dole gumba. Kuwaita watu wale mkutanoni ni kutwanga maji kwenye kinu.

Jumamosi ya mkutano ilipofika saa tano, tulikuwa nyumba tisa. Kampuni ilimtuma Selorm, kijana wa tai na viatu vya ncha kali, mpole kama mtu anayejua kwamba keshashinda. Bwana Lamptey, mwenye magari matatu na nafasi moja ya kuegesha, hakuonekana kabisa. Nilijua kwa nini. Alikuwa amewaambia wenzake wenye magari kwamba anayetaka maegesho na alale tu.

Ndipo lifti ikafunguka, akatoka Nana Afrakoma akiviringisha kinu.

Nana ni mama wa injinia wa ghorofa ya tatu, juu yangu kabisa. Alikuja kutoka Mampong mwaka jana kukaa na mwanawe, na kila Jumamosi alitwanga fufu, lile donge la mihogo na ndizi tunalolila kwa supu, juu ya kichwa changu mpaka taa ya sebuleni ikacheza na chokaa ikadondokea kwenye supu yangu. Nikalalamika. Kamati, yaani mimi, ikapiga marufuku kutwanga ndani ya nyumba. Sijutii, dari ni dari. Lakini tangu siku ile Nana aliipokea salamu yangu kwa kisogo, na mwanawe, kabla ya kusafiri kikazi kwenda Takoradi, aliniambia mama anafunga mizigo. Anataka kurudi Mampong, kwa sababu hapa, anasema, hakuna watu.

"Nana," nikamwambia, "tuna mkutano hapa."

"Mlisema nisitwange juu. Nimeshuka. Au chini nako kuna dari?"

Olaitan, Mnigeria wa ghorofa ya kwanza, akaangua kicheko. Nana akarudi kwenye lifti akatoa kigoda, sufuria ya mihogo na ndizi zilizochemshwa, mchi mfupi na mchi mrefu. Akaketi chini ya mwarobaini, akaanza na ule mfupi. Du. Du. Kuta zinazotuzunguka zikaudaka mlio na kuurudisha mara mbili.

Dirisha likafunguka ghorofa ya nne. Mwanamke mwenye kitambaa cha kulalia kichwani akachungulia.

"Nani anatwanga asubuhi yote hii? Watu tumelala!"

"Shuka uje uyasemee hapa!" nikamjibu kwa hasira, tena hasira ya kweli, maana mkutano wangu ulikuwa unakufa.

Akashuka, na ndara zake miguuni. Alikuja kugomba, akagomba, na Selorm kwa mazoea yake akamuuliza namba ya nyumba na kuiandika. Tukawa nyumba kumi. Nikasimama nimeduwaa. Watu hawa niliwabembeleza kwa wiki nzima hawakuja, kumbe ungewaudhi tu wangekuja mbio!

"Nana, kaza!" nikasema.

"Nikaze na nini? Niko peke yangu. Mkono mmoja unatwanga, mmoja unageuza."

Nikauchukua ule mchi mrefu. Nana akanitazama kwa muda, kutoka viatuni mpaka usoni. Nilielewa anachowaza. Anayegeuza fufu huingiza mkono kinuni mchi unapopanda na kuutoa kabla haujashuka. Ukimkosea, vidole vimekwenda. Huwezi kumpa adui mkono wako namna hiyo.

"Unajua kutwanga wewe, au unajua kukataza tu?"

"Mimi Mfante, Nana. Nimekula fufu kabla sijaota meno."

"Kula si kutwanga. Haya, piga. Ukiniponda vidole utanilisha wewe mpaka nife."

Nikapiga taratibu. Nilikuwa na hofu, jasho lilinitoka, na mkono wake ulikuwa mdogo mno ndani ya kinu.

"Unabembeleza nini? Kuna mtoto amelala humu?"

Nikapiga kweli kweli. Mkono ukaingia, ukatoka, ukaingia, na baada ya muda niliacha kuutazama na kuanza kuusikia. Jumba zima likawa linatetemeka.

"Kwetu viazi vikuu tunavitwanga bila kutia mkono," Olaitan akasema. "Sisi tuna akili."

"Ndiyo maana chakula chenu kina madonge," Nana akamjibu bila kuinua macho.

Majirani wakaanza kushuka. Huyu mtoto wake anafanya mtihani, yule kichwa kinamuuma, na wa tatu alitaka kujua kama siku hizi tumekuwa kijiji. Kila mmoja alipofungua mdomo, Selorm alimuuliza namba ya nyumba. Wakiisha kugomba hawakuondoka. Waliona wenzao wako pale, wakabaki wakigombana wao kwa wao na kuulizana majina.

Zikiwa zimebaki dakika chache kufika saa sita, Bwana Lamptey akatokea na taulo shingoni.

"Upuuzi gani huu? Kijana, andika jina langu! Nalalamika rasmi!"

"Nimeandika, mzee," Selorm akasema. "Sasa ni nyumba kumi na nne."

Lamptey akageuka. Alitutazama, akaangalia madirisha, akaona alichofanya. Kisha akahesabu, na tabasamu likamrudia.

"Kumi na nne si kumi na tano, Anti Araba. Pole sana."

Hakuna dirisha jingine lililofunguka. Nikauegemea mchi, mikono ikiniwaka moto, nikautazama ule mwarobaini. Niliona uchungu, sitaficha.

"Na Nana je?" Olaitan akauliza. "Mwanawe hayupo, lakini yeye si wa nyumba ile?"

Selorm akakuna kichwa. "Mtu mzima yeyote anayeishi kwenye nyumba anaweza kuiwakilisha. Lakini awe anaishi. Bibi, unaishi hapa, au umetembelea?"

"Huyo mgeni!" Lamptey akadakia. "Mwenyewe huwaambia walinzi kila siku, mimi wa Mampong, napita tu."

"Mgeni wa mwaka mzima?" Olaitan akasema. "Huyo si mgeni, huyo ni ukuta."

Watu walicheka, lakini Nana hakucheka. Ni kweli alikuwa akisema hivyo. Mizigo yake ilikuwa imefungwa huko juu, na mimi ndiye niliyemfungisha. Nilitaka kumsihi. Ningemwomba nini mtu niliyemwambia kwamba kuwepo kwake ni kelele?

Nana alichovya vidole kwenye maji, akalikunja fufu upande huu, akalikunja upande ule.

"Naishi ghorofa ya tatu," akasema. "Juu ya kichwa cha huyu. Muulizeni yeye kama siishi."

Nilicheka machozi yakinitoka. "Anaishi!" nikapiga kelele. "Dari yangu shahidi! Andika, Selorm, andika!"

Akaandika. Tukapiga kura palepale, saa sita haijagonga. Mikono ikapanda, hata wa yule mwenye kitambaa cha kulalia, aliyesema anakubali ua ubaki ila watu waanze kutwanga baada ya saa tano. Lamptey na wenzake wawili wakakataa. Selorm akafunga kalamu yake, akauliza, akijaribu kuonekana hajali, supu ni ya nini.

"Ya mbuzi," Nana akasema. Kisha akanigeukia. "Na wewe umesimama nini? Fufu halijalainika."

Nikainua mchi. Mkono wake ulikuwa tayari umo kinuni.