Mkahawa Aliouchagua Marlena

Delbert, mume wa mdogo wangu Marlena, hatukumjua kuwa mtu wa wivu. Huku kwetu milimani, mashariki ya Kentucky, mwanamume mwenye wivu hujulikana mapema, maana watu ni wachache na midomo ni mingi. Yeye tulimjua kwa mambo mengine: kuelewana na injini, kupenda mzaha, na kutoacha chochote sahanini. Kwa hiyo waliporudi kutoka Florida mwaka juzi, na ikawa kila safari ile ikitajwa yeye ananyamaza na kutazama dirishani, nilimuuliza Marlena, kisha nikamuuliza yeye. Kila mmoja alinieleza kwa upande wake. Nikiunganisha, ilikuwa hivi.

Safari yenyewe waliipanga kwa kujibana. Mgodi wa kwetu ulikuwa umefungwa, Delbert alikuwa anatengeneza mabasi ya shule, na Marlena anapikia watoto wa shule hiyo hiyo. Walikubaliana kulala kwenye moteli ya mbali na ile bustani kubwa ya michezo waliyoiendea, mahali ambapo chai ya asubuhi ni bure. Mchana watakula sandwichi za siagi ya karanga walizojitengenezea wenyewe. Ila siku ya mwisho watakaa mezani mara moja, humo humo bustanini, waletewe chakula na mtu mwingine, kama watu wengine.

Ni mkahawa upi? Hapo ndipo ugomvi ulipokuwa, na uliwachukua jimbo zima la Georgia wakiwa njiani. Wyatt, mtoto wao wa kiume, alitaka pale penye madinosaria. Dada yake Tessa, aliyekuwa amefika umri wa kuwaonea aibu wazazi wake, alitaka mahali pa kupigia picha za kuwaringishia wenzake. Delbert alitaka pale unapolipa mara moja ukala nyama mpaka ushindwe.

"Baba, madinosaria yananguruma! Moshi unatoka puani!" Wyatt alisema.

"Mjomba wako Harless naye hunguruma mezani, na hatumlipi."

"Kwa hiyo tutakula nyama mpaka ufungue mkanda mbele za watu?" Tessa akauliza. "Mimi nitakaa meza nyingine."

"Kaa. Na mfupa nitakurushia huko huko."

Marlena ndiye aliyekuwa anaendesha. Mdogo wangu ni yule mtu ambaye mkate ukiungua upande mmoja, upande huo ndio anaojikatia. Hata mimi dada yake niliyemlea siwezi kukwambia anapenda kula nini. Basi akasema bila kugeuka, "Nimeshaweka nafasi. Tunakwenda Ua wa Nyota."

Watoto wakatazamana kwenye kiti cha nyuma.

"Nani kachagua?" Delbert akauliza.

"Mimi."

Delbert alikuwa anajua kwamba Marlena alifanya kazi Ua wa Nyota mwaka mmoja, akiwa msichana, kabla hawajajuana. Alilijua hilo kama unavyojua kwamba mke wako aliwahi kuugua surua. Na siku ile alifurahi kwa dhati. Alimpiga begani akasema, "Safi, mama. Mara moja na wewe uchague."

Furaha hiyo ilidumu mpaka asubuhi ya siku ya mwisho. Wote walikuwa wameshavaa kaptula na viatu vya kutembelea, jua la Florida likiwa tayari limewashika shingo, Marlena akatoka bafuni amevaa gauni la kijani. Lilikuwa limekunjwa chini kabisa ya begi, na Delbert hakuwa amewahi kuliona. Midomo ameipaka rangi.

"Unaenda arusini?"

"Naenda kula."

"Jua kali hivi, gauni?"

"Delbert, hebu beba sanduku la barafu."

Akalibeba. Lakini aliniambia kwamba toka hapo kila kitu kilianza kumkera: foleni, muziki, watoto wa watu. Marlena alikuwa anaimba kwa pua, wimbo ambao Delbert hakuujua. Akajaribu kukumbuka ni lini mkewe aliimba jikoni kwao, akaukumbuka wimbo wa kanisani, akakumbuka na siku yenyewe, ulikuwa msiba wa mama yake Delbert.

Ua wa Nyota ni mkahawa wa ndani uliojengwa kama ua wa jumba la Kihispania. Nje jua la saa sita mchana, ukishapita mlango ni usiku: dari jeusi lenye vitaa vidogo vidogo, chemchemi katikati, harufu ya vitunguu saumu na nguruwe wa kuchoma. Binti wa mlangoni alikuwa anatafuta jina lao, mara sauti ya mwanamume ikapaa kutoka upande wa jikoni.

"Kimulimuli!"

Watu wakageuka. Alikuja mwanamume mwenye mvi za pembeni, tumbo kidogo, viatu vimeng'aa kuliko meza. Akamshika Marlena mikono yote miwili. Naye Marlena akamjibu kwa Kihispania, maneno yakimtoka kama maji ya bomba, kisha akacheka, kichwa nyuma, koo lote nje.

"Mama," Wyatt akasema, "kumbe unajua Kihispania?"

"Kidogo tu, mwanangu."

"Kidogo!" yule bwana akapiga makofi. "Nilimfundisha mimi. Matusi kwanza, adabu baadaye." Akamnyooshea Delbert mkono. "Efrain. Mimi ndiye msimamizi hapa sasa. Enzi zile sote tulikuwa wabeba sahani. Ndugu yangu, umeoa taa."

"Ndiyo," Delbert akasema, "na mimi ndiye ninayelipa umeme."

Efrain akacheka. Marlena hakucheka.

Walikaa. Menyu ikaja, Delbert akaisoma akasema kwa sauti kwamba kwa bei hii angepata tairi la mbele. Lakini hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Watoto walikuwa wamemgeukia Efrain, maana kila alipopita alikuwa na jambo jipya. Mama yao alimwagia wakili supu mapajani, na wakili akarudi wiki iliyofuata akaomba ahudumiwe na yeye yule yule. Mama yao aliwahi kugombana na mpishi mkuu akiwa na kisu cha mkate mkononi. Mama yao, kazi ikiisha, alikuwa anacheza nao muziki huko nyuma ya jikoni mpaka walinzi wawafukuze.

"Ulikuwa unacheza?" Tessa akauliza. Alikuwa amesahau kuona aibu. Alimtazama mama yake kama mtu aliyegundua kwamba nyumba yao ina chumba kingine.

"Sikuwahi kuwaambia?"

"Hukuwahi," Delbert akajibu kwa niaba ya wote.

Chakula kikaja, wali wa manjano, nyama iliyoiva ikaachana na mfupa, ndizi mbivu za kukaanga. Delbert anasema kilikuwa chakula kitamu kuliko vyote alivyowahi kula, lakini hakukifaidi. Alikuwa anamtazama mkewe akila. Marlena alikula kwa vidole pale penye kustahili vidole, akafumba macho, akaomba pilipili. Pilipili! Nyumbani wamekula maharage na mkate wa mahindi miaka na miaka, bila chupa ya pilipili kabatini, kwa sababu yeye Delbert tumbo lake haliipendi.

Hapo ndipo Efrain alipotokea na sinia la kastadi nne zenye karameli juu. "Hizi hamkuagiza. Zimetoka kwetu jikoni, kwa ajili ya Kimulimuli na familia yake."

"Zirudishe," Delbert akasema.

"Ni zawadi, ndugu yangu."

"Mimi si ndugu yako. Tunalipia tunachokula. Na mke wangu hanunuliwi kwa kastadi."

Wyatt alikuwa ameshanyanyua kijiko. Kikabaki hewani. Watu wa meza ya pili wakaanza kusoma menyu walizokuwa wameshazisoma. Marlena akamwambia Efrain neno moja la Kihispania, polepole, naye akainamisha kichwa, akaondoka na sinia lake.

Delbert alitegemea mkewe asimame atoke. Marlena akavuta sahani karibu, akaendelea kula.

"Si unaona watu wanatutazama?" Delbert akamnong'oneza.

"Watazame. Nimekula karanga wiki nzima kwa ajili ya sahani hii. Siiachi." Kisha akawaambia watoto, "Nendeni mkaone samaki kwenye chemchemi."

"Hakuna samaki," Tessa akasema.

"Basi kaoneni maji."

Walipoondoka, Delbert akauliza alichokuwa anataka kuuliza tangu asubuhi. "Mlikuwa wapenzi?"

"Ndiyo. Muda mfupi. Akaniacha, akarudi kwa msichana wake wa kwao. Nililia, nikanyamaza. Hata sikujua kama bado yupo hapa."

"Na gauni?"

"Gauni nililinunua ili nivae. Sina pa kulivaa, Delbert. Nilivae wapi, jikoni shuleni?"

Delbert akauliza lile ambalo, ananiambia, mpaka leo hajui kwa nini alilitoa mdomoni. "Mwaka ule hapa. Ulikuwa na raha kuliko kwetu?"

Marlena alifuta vidole kimoja kimoja. "Mwaka ule? Ndiyo."

"Unasema tu hivyo?"

"Ungetaka nikudanganye? Nilikuwa na miaka ishirini, sina wa kumpikia. Halafu mama akaugua, dada alikuwa na mapacha wachanga, nikarudi. Nikakupata wewe, nikawapata hawa. Sijuti. Lakini nilitaka watoto wangu waone mahali ambapo mama yao alikuwa mtu wa kuitwa kwa sauti. Mara moja tu. Umeniharibia nusu. Hii nusu iliyobaki niachie nile."

Delbert alisimama. Anasema alipoelekea mlango wa jikoni hakujua kama anakwenda kumpiga mtu au kumwomba radhi, na ngumi alikuwa amekwisha kuikunja. Efrain alimwona akija, akakabidhi sahani kwa mwenzake, akasubiri, mikono wazi.

"Nimekuja kuchukua zile kastadi," Delbert akasema.

"Zimeliwa. Wapishi wangu hawana subira."

"Basi niuzie nyingine."

"Siuzi. Ukizitaka, utazibeba mwenyewe."

Wakatazamana. Mpishi mmoja akafunga bomba la maji ili asikie vizuri.

"Alikuwa anacheza vizuri?" Delbert akauliza.

"Nani, Marlena?" Efrain akatikisa kichwa. "Vibaya mno. Kila mtu humu alikanyagwa. Ila hakuna aliyekataa kukanyagwa."

"Mimi hajawahi kunikanyaga," Delbert akasema.

Na ndivyo ilivyo. Kanisani kwetu hatuchezi, hata arusini. Siku yao walikula keki, wakaimba tenzi, wakaenda zao. Efrain akageuka. Alitoa kastadi nne kwenye friji, akazipanga kwenye sinia, akamwekea Delbert mikononi.

Delbert alivuka ukumbi ule amekumbatia sinia kama mtu aliyeokoa mtoto kwenye mafuriko, karameli ikimwagikia shati lake. Watoto walikuwa wamesharudi mezani. Akaziweka moja moja mbele yao, ya Marlena mwisho.

"Sinia hubebwa kwa kiganja," Marlena akamwambia. "Si kwa kifua."

"Nisamehe, mama."

"Kula kwanza."

Hakusema amemsamehe. Alikula kastadi yake yote na nusu ya Delbert. Wakati wa kuondoka Efrain alimuaga kwa mbali, mkono kifuani, na Marlena alimpungia mara moja. Delbert aliuhesabu muda wa mkono ule hewani, ingawa alijua hana haki hiyo tena.

Msije mkadhani wivu uliishia mezani pale. Njiani kurudi ulikaa naye kiti cha mbele. Watoto walimng'ang'ania mama yao awafundishe Kihispania, naye akawafundisha, Georgia nzima: mbwa, daraja, ng'ombe, mawingu, "nipishe", "usinisukume". Tessa, ambaye kwa muda mrefu alikuwa hamwombi mama yake kitu ila chaja ya simu, alikuwa anarudia kila neno. Delbert aliendesha, macho barabarani, kila neno likimpitia sikioni kama mtu mwingine aliyepanda gari lao bila kukaribishwa.

Karibu na mpaka wa Tennessee akakohoa.

"Spana," akasema. "Spana wanaiitaje?"

Marlena akafikiri. Akafungua mdomo, akaufunga. "Sijui," akasema. "Pale hatukuwa na spana."

Delbert mwenyewe alikiri kwangu, akiwa ameegemea boneti ya basi la shule, kwamba kusikia kule hawakuwa na spana, kitu chake yeye, kulimfurahisha vibaya. Alifurahi mpaka akaona haya, akaongeza mwendo kidogo.

"Tutaulizia," Marlena akasema, akavua viatu, akaweka miguu juu ya dashibodi.