Aliyeshika Pasi

Mlango wa maabara yetu haukuwa na kibao. Ulikuwa mwisho wa korido ya chini, baada ya chumba cha kufulia mashuka, na wageni waliopotea walikuwa wakirudishwa na harufu ya formalini, dawa ya kuhifadhia viungo, kabla hawajaufikia. Yule mama harufu haikumrudisha. Aliingia bila kubisha, futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni, akasimama mbele ya sinki nililokuwa nikioshea vyombo. Ile dawa ilikuwa inamtoa machozi, lakini hakujifuta.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Nadhani umepotea. Mochwari ni jengo la nyuma."

"Marahaba. Sijapotea, huko ndiko ninakotoka. Mwili wa mume wangu nimeuona, nimeushika hadi miguu. Nimeambiwa ubongo wake uko kwenu."

Nilibaki na chupa mkononi. Nilikuwa nimetoka chuo juzijuzi tu. Nilifundishwa kupima, kukata na kupaka rangi. Hakuna aliyenifundisha la kumwambia mtu anayeulizia ubongo wa mumewe kama anavyoulizia mwavuli aliousahau mahali.

"Nani amekwambia, mama?"

"Shemeji yangu. Yeye ndiye aliyewakubalia, eti kwa niaba ya ukoo. Mimi niliyezeeka naye sikuulizwa."

Kiberiti alinitupia jicho kutoka upande wa pili wa chumba. Huyo alikuwa fundi wa maabara, na jina hilo alilipata kwa wembamba wake na wepesi wake wa kuwaka. Jicho lake lilisema: mtoe nje. Mimi nikamvutia mama kiti.

Mumewe alikuwa kinyozi, na mama mwenyewe ni fundi cherehani. Walikuwa na chumba kimoja mbele ya nyumba, nusu mashine yake, nusu kioo cha mumewe.

"Alikuwa na mkono mwepesi," alisema. "Watoto wachanga walikuwa wanasinzia akiwanyoa. Halafu siku moja akamwacha mteja kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado, akaenda zake kununua mkate. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nikasema, huyu kachoka."

Baada ya hapo akaanza kula kwenye sahani za watu asiowajua. Akacheka kwa sauti kwenye maziko ya mama yake mzazi. Akawa anawashika masikio wasichana njiani, anawavuta hereni. Wakasema ni pombe, na pombe hanywi. Wakasema kuna mwanamke. Mama akamfuata kutwa nzima, akamkuta amekaa ukutani anahesabu magari. Mwisho ndugu zake wakasema ni tabia tu, kwamba amefunua rangi yake halisi uzeeni.

Mama akapandisha mkono wa blauzi. Chini ya kiwiko kulikuwa na kovu lenye ncha, umbo lake halina swali.

"Nilikuwa napiga pasi gauni la mteja. Akaichukua mkononi mwangu, akaniwekea hapa. Nilipiga kelele, mwanangu. Yeye ananitazama tu, kama anaangalia kitambaa kama kimenyooka. Binti yangu akaja kunitoa, naye akapigwa, mdomo ukapasuka. Tukamtoa nyumbani. Amefia nje." Akashusha mkono wa blauzi. "Nataka kitu kimoja. Nataka kujua aliyeshika ile pasi ni nani. Mume wangu, au ugonjwa. Binti amesema mazikoni haji mpaka ajibiwe. Na mimi sijui nimlilie au nishukuru."

Kiberiti alifunga bomba.

"Tutajua," nikasema. "Ila itabidi usubiri. Ubongo mbichi ni laini mno, ukiukata sasa unasambaratika." Nikamweleza tunavyofanya: tunapitisha uzi chini ya mshipa wa damu ulioko kitako cha ubongo, tunauning'iniza kichwa chini ndani ya ndoo ya formalini ili usilale sakafuni mwa ndoo ukabonyea, tunauacha wiki kadhaa mpaka ukaze.

"Wiki? Mashemeji wanataka kuzika Jumamosi."

"Mnaweza kuzika, mama. Mwili hatuuhitaji."

"Nimzike kwa awamu?"

Hakuwa anatania, lakini Kiberiti alikohoa kuficha kicheko.

"Hapana," mama akaendelea. "Atasubiri huko kwenye baridi. Nitamzika mzima. Wewe niahidi mtanirudishia wote. Msibakize hata kipande."

Mtu yeyote aliyekizoea chumba kile angesema: tutaangalia. Rafu zilizonizunguka zilikuwa zimejaa mitungi, na hakuna ubongo uliowahi kuingia pale ukatoka bila kuacha kitu. Lakini mimi nilikuwa naitazama ile blauzi.

"Naahidi, mama. Hatutabakiza hata kipande."

Alipotoka, Kiberiti alinigeukia. "Hongera, Msomi. Umegawa shamba la wenyewe."

"Ameumia, Kiberiti."

"Wote wanaumia. Unafikiri kwa nini mlango hauna kibao?"

Nilijipa moyo kwamba Profesa, mkuu wa maabara yetu, ataelewa. Niliamini, na bado naamini, kwamba mtu hawi mtu wa sayansi mpaka awe kwanza mtu wa watu. Ila sikumwambia chochote. Kila nilipotaka kuanza, alikuwa ana haraka, au ana furaha, nami nikaahirisha.

Mama akawa anakuja mara kwa mara, anasimama koridoni, anauliza tu, "Umekaza?" Nikimjibu bado, anaondoka. Siku moja alinieleza huko nyumbani kukoje. Mawifi walikuwa wamesusa kula kwake. Mtaani walisema anamchelewesha marehemu ili auze viungo vyake, na wateja walikuwa wamekuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa. Alisema hayo huku anaizungusha futi kidoleni, kisha akauliza tena, "Bado haujakaza?"

Ulipokaza, Profesa aliukata mwenyewe. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya chini, ambaye hakuwahi kumgombeza mtu mbele ya wengine. Aliuosha kwa maji, akauweka mezani, akakaa muda mrefu bila kushika kisu.

"Sogea," akaniambia. "Unaona nini?"

Nyuma ulikuwa kama ubongo wowote, mikunjo minene imebanana. Lakini mbele, pale panapokaa nyuma ya paji la uso, na kwenye ncha za pembeni, mikunjo ilikuwa imekonda hadi kuwa kama makali ya kisu. Katikati yake kulikuwa na mifereji ambayo kidole changu kingezama.

"Huyu alijua jina lake hadi mwisho," Profesa alisema. "Alijua njia ya kwenda nyumbani. Ungempa mashine angekunyoa vizuri. Kazi hizo nyingi zinaendeshwa na sehemu za nyuma na za ndani, nazo karibu ni nzima. Hizi za mbele ndizo zinazosema acha, subiri, huyo ni mwenzako. Zimekufa mtu akiwa anatembea."

Tulichukua vipande vidogo vya mbele, tukavigandisha kwenye nta, tukavikata vyembamba kuliko unywele, tukavilaza juu ya vioo na kuvipaka rangi ya madini ya fedha. Chini ya hadubini, seli za neva zilizopaswa kuwa nyingi zilikuwa zimebaki chache kama meno ya kizee. Nyingine kati ya zilizobaki zilikuwa zimevimba. Na ndani ya nyingi mlikuwa na doa jeusi la mviringo, protini iliyojikunja ikagoma kuondoka. Kila seli ya aina ile huzungumza na maelfu ya wenzake. Hizi zilikuwa zimenyamaza moja baada ya nyingine, miaka mingi, wakati watu wakisema ni tabia.

Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Nimeusubiri ugonjwa huu kazini maisha yangu yote," alisema. "Nimeufundisha kwa picha za vitabuni. Leo uko mezani kwangu. Na wewe umepata utafiti wa shahada yako, mwanangu. Tutaanza kesho."

Hapo ndipo nilipomwambia.

Alikaa kwenye kiti taratibu. "Nani alikuruhusu?"

"Hakuna."

"Ndugu wamekubali. Kisheria ni wetu."

"Mke hakuulizwa, Profesa."

"Sikiliza. Unajua wangapi wako mitaani sasa hivi na ugonjwa huu? Wanafungwa kamba. Wanapigwa mawe. Wake zao wanaunguzwa. Daktari hawezi kuutambua ugonjwa ambao hajawahi kuushika. Ubongo huu ungefundisha kizazi kizima cha madaktari, na wewe unataka ukaufukie."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilitamani angekuwa mtu mbaya, kazi ingekuwa rahisi.

"Wa pili tutaupata wapi," nikasema, "kama wa kwanza tumeuiba?"

"Usitumie neno hilo mbele yangu." Kisha akasema, bila hasira, "Umeahidi wewe, si mimi. Sitakuzuia. Lakini nafasi yako ya masomo niliiombea ili uuchunguze ubongo wa namna hii. Ubongo ukiondoka, nafasi nayo inaondoka. Sina cha kuwaambia wanaoilipia. Elewa hivyo kabla hujafungasha."

Nilielewa. Nilifungasha nikilia, nikiwa nimevaa glavu, siwezi kujifuta. Kiberiti alinisaidia kupanga vipande kwenye sanduku la mbao bila kunitania. Tuliweka na vile vya nta, tukaweka na vioo. Kimoja tu kilibaki. Kile kilichotoka vizuri kuliko vyote kilikuwa chini ya hadubini ya Profesa, naye alikuwa amekiinamia tangu asubuhi.

"Kioo kimoja, Msomi," Kiberiti alinong'ona. "Ukikishika hicho, una pa kuanzia. Nani atajua?"

Nilichukua sanduku nikaenda nalo.

Mama na binti yake walikuwa wananisubiri kwenye chumba kidogo kando ya korido. Binti alikuwa amesimama, mikono kifuani, mdomo wa juu una mshono uliopona vibaya.

"Dada, usituzungushe," akasema kabla sijakaa. "Alikuwa anajua, au hajui?"

Ningeweza kusema hajui. Lingemtosha mama. "Alijua kwamba pasi ni ya moto," nikajibu. "Pengine hata alijua kwamba mama anaumia, kama wewe unavyojua kwamba nje kuna jua. Lakini sehemu inayofanya maumivu ya mwenzako yakuguse, yaurudishe mkono wako, ilikuwa imekufa. Haikufa siku hiyo. Ilikuwa inakufa tangu kabla hajamwacha yule mteja kwenye kiti."

"Kwa hiyo si yeye."

"Mkono ulikuwa wake. Wa kuuzuia ndiye asiyekuwepo."

Mama aliomba kuona. Nikafunua sanduku, nikamwonyesha sehemu ya mbele na sehemu ya nyuma. Aliinama, akaviangalia kwa zamu kama mtu anayelinganisha vipande viwili vya gora moja la kitambaa.

"Hapa pamenywea," alisema.

"Ndiyo, mama. Ndipo hapo."

Alinyoosha kidole, akakiacha hewani. "Masikini baba watoto," alisema. "Na mimi nikamtoa nje na mvua ile." Hakulia kwa sauti. Alishika ukingo wa sanduku kwa mikono yote miwili na mabega yakawa yanatikisika.

Binti hakumgusa. "Alikuja mlangoni," alisema, akiutazama ukuta. "Anaomba chakula. Nilimfungia. Nikamwambia afie huko huko. Sasa dada, wewe msomi, niambie. Nimchukie nani?"

Hakuna hadubini inayolionyesha jibu hilo.

"Na mimi je?" akauliza tena, sasa kwa sauti ndogo. "Utanipata?"

"Mara nyingi haurithiwi."

"Mara nyingi," akarudia. Akalamba ule mshono, akatoka kwenda kusimama koridoni.

Mama alifuta uso kwa ncha ya kitenge, akarudishia kifuniko. Alinitazama machoni. Hakuwa na shaka nami hata kidogo, na hilo lilikuwa zito kuliko sanduku.

"Ndiyo yote, mwanangu?"

Nje, ndoo ziligongana kwenye chumba cha kufulia. Niliufikiria utafiti ambao sitaufanya. Nikawafikiria wale wa mitaani waliofungwa kamba.

"Bado, mama," nikasema. "Nisubiri kidogo."

Profesa alikuwa palepale, jicho kwenye hadubini. Kiberiti aliacha kuosha. Nilisimama kando ya meza yake.

"Profesa, naomba kile kioo."

"Hebu niache niangalie," alisema bila kuinua kichwa. Nikamwacha. Aliangalia, akasogeza kioo kidogo kushoto, akaangalia tena. Halafu alizima taa ya hadubini, akainuka, akaenda dirishani akanipa mgongo.

Nililegeza kibanio, nikakitoa kioo. Juu yake kulikuwa na doa la kahawia lisilozidi ukucha wa kidole gumba. Nikakifunga kwenye kitambaa cha shashi, nikatembea nacho polepole, nikiogopa kujikwaa. Mama alipoona ninacholeta, alifungua kifuniko mwenyewe, nami nikakilaza ndani pamoja na vingine.

"Sasa ndiyo yote," nikamwambia.